Gitaa la Fundi Redio

Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi la fundi redio mmoja Kariakoo, nimepakata gitaa la umeme lililokuwa likinguruma kama friji bovu. Lilikuwa gitaa la kuiga, umbo la Telecaster, lile gitaa maarufu la Fender, kichwani halina jina la maana. Fundi alikuwa hajawahi kushika gitaa. Aliligeuza mara mbili, akauliza, "Moto unaingilia wapi?" Nikamwonyesha tundu la waya na kumwambia hauingii, unatoka. Akanitazama kidogo. Kisha akachukua bisibisi, akalegeza skrubu mbili za kile kibati chenye vinobu, akakipindua, akacheka. "Kaka, hii si redio tu!" Ndani kulikuwa na vinobu viwili, swichi, kapasita moja, na waya wa ethi umechomoka. Akatia risasi ya kulehemu, akapuliza, akafunga. Dakika kumi, shilingi elfu tano, mngurumo kwisha.

Nalikumbuka benchi lile kila ninapokutana na ubishi wa wapenzi wa magitaa kuhusu nani hasa aliyebuni gitaa la umeme la ubao mzima, yaani lile lisilo na tumbo wala tundu. Ubishi huo una kambi zake kama Simba na Yanga. Huku wanaapa kwa Les Paul, kule kwa Leo Fender, na pembeni kuna wazee wachache wenye majina yasiyojulikana sana, nao hawakubali kushindwa. Mimi naona wanagombea swali lisilo na faida. Wazo la kufunga nyuzi na sumaku juu ya ubao lilishawapitia watu kadhaa. Lililokuwa halijampitia mtu ni gitaa ambalo fundi redio anaweza kulifungua, akalielewa, akalirudisha kazini siku hiyo hiyo. Hilo lina mwenyewe, tena mtu asiyejua kupiga gitaa.

Kwanza tatizo lenyewe. Gitaa kavu ni sanduku. Uzi ukitikisika, ubao wa juu unatikisika nao, hewa ya tumboni inajibu, sauti inatokea tunduni. Utaalamu wa vizazi na vizazi ulikuwa kwenye ubao ule mwembamba. Bendi za Marekani zilipopanuka, matarumbeta na ngoma zikamfunika mpiga gitaa, naye akaukimbilia umeme. Akachomeka gitaa lile lile lenye tumbo kwenye amplifaya, kisirani kikaanzia hapo: sauti ya spika inarudi tumboni, tumbo linatikisa nyuzi, nyuzi zinaipeleka tena kwenye spika, na ukumbi mzima unapata yowe lile tunalolijua kutoka maikrofoni za harusini. Ukiongeza sauti, linazidi. Dawa yake inatamkika kwa maneno mawili: toa tumbo. Sasa nenda kamwambie fundi aliyerithi kwa baba yake kazi ya kuchonga matumbo kwamba tumbo ndilo kosa.

Ndiyo maana dawa ilitoka nje ya karakana za magitaa. George Beauchamp alikuwa mpiga gitaa la Kihawai mjini Los Angeles. Mwaka 1931 alikuwa na mfano wa mbao, na 1932 kampuni yake na Adolph Rickenbacker ikaanza kuuza gitaa la alumini ya kumimina: kiduara kidogo chenye mpini mrefu. Watu wakaliita Kikaango. Unalilaza mapajani, unateleza juu ya nyuzi kwa kipande cha chuma. Kwa sura ni kituko, lakini siri yote imo humo: sumaku za umbo la kiatu cha farasi na koili ya waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika jirani na sumaku unavuruga uga wake, na uga ukivurugika, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye koili. Amplifaya kazi yake ni kuukuza tu. Kifaa hicho kinaitwa pikapu, na siyo ile ya kubeba mchanga. Hataza ya Beauchamp, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ilikuja kutoka 1937, wakati wengine walikuwa wameshatengeneza za kwao. Alifariki 1941.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Les Paul, mpiga gitaa kutoka Waukesha, Wisconsin, alikuwa akiazima kiwanda cha magitaa cha Epiphone mjini New York siku ambazo wenyewe hawapo. Akachukua mbao ya nne kwa nne, ile ambayo kwetu ingekuwa nguzo ya kibaraza, akaifunga shingo ya gitaa, pikapu na nyuzi. Mwenyewe alilipa jina la Gogo. Alisimulia kwamba alipolipiga mbele ya watu likiwa hivyo hivyo, hawakumjali. Akapasua gitaa la kawaida katikati, akalibandika Gogo nusu moja huku na nusu nyingine kule kama mbawa. Sauti ni ile ile, ila safari hii watu wakashangilia. Napenda kisa hiki kwa sababu kinamweleza Les Paul vizuri: alikuwa mtu wa jukwaani, anajua kwamba hadhira inasikia kwa macho. Alipowapelekea kampuni ya magitaa ya Gibson wazo lake, walimcheka kwamba kaleta mpini wa ufagio wenye pikapu.

Yupo pia Paul Bigsby, fundi wa kuchonga mifano ya vyuma na mpenzi mkubwa wa pikipiki. Mwaka 1948 alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa jembamba lenye vigingi sita vya kukazia nyuzi vyote upande mmoja wa kichwa. Ukiliona leo unasema hilo ni Fender, na Travis alishikilia maisha yake yote kwamba Fender aliliazima na kuliangalia. Watu wa Fender wanakana, wanasema kichwa kile kinatokana na ala za asili za Kroatia. Mimi sina shida na yeyote kati yao. Ila Bigsby alikuwa fundi wa kuagizia: unampa jina lako, unasubiri, anakuchongea lako peke yako. Ni kama fundi cherehani hodari wa mtaani, anayekushonea suti moja nzuri na kukwambia uje baada ya Idi.

Leo Fender alifungua duka lake la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Alikuwa amesomea uhasibu, ana jicho moja la bandia tangu utotoni, na gitaa hakulijua hata kulipandisha nyuzi. Wanamuziki wa pale walikuwa wakimletea amplifaya zilizoungua. Ukikaa kwenye benchi la namna hiyo miaka kumi, unajifunza kitu ambacho mchonga magitaa hakijui: vitu vinaharibikia wapi. Unajua ni skrubu gani inalegea, waya gani unachomoka, kinobu kipi kinakwaruza vumbi likiingia. Mchonga magitaa anaanza na uzuri wa sauti. Fundi redio anaanza na siku ambayo mteja atarudi.

Sasa tazama alichokitoa 1950. Ubao bapa wa unene wa karibu sentimita nne na nusu, umekatwa kwa mashine, haukuchongwa kifua wala mgongo. Shingo ya mbao ngumu ya maple, freti, yaani vile vichuma vya kugawia noti, zimechomekwa moja kwa moja kwenye mbao ile ile. Shingo na mwili havikugundishwa, bali vimeshikana kwa skrubu nne zinazopita kwenye kibati cha nyuma. Freti zikiisha, wazo la Fender lilikuwa ufungue skrubu hizo, utoe shingo yote, ufunge mpya, kama unavyobadilisha taili ya baiskeli. Vinobu, swichi na nyaya vyote vimekaa kwenye kibati kimoja. Ondoa skrubu mbili, umefika. Wachonga magitaa wa wakati ule waliliona ni la kitoto. Ubao wa kuchotea theluji, walisema. Hawakukosea sana kwa umbo, ila umbo ndilo walilokuwa wakilitazama.

Hata jina lilipatikana kifundi. Likiwa na pikapu moja liliitwa Esquire, na la pikapu mbili likaja kuitwa Broadcaster. Mwanzoni mwa 1951 kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba Broadkaster ni jina la ngoma zake. Fender alikuwa na stika zimeshachapwa, na mtu wa uhasibu hatupi stika. Wafanyakazi wakachukua mkasi, wakakata neno Broadcaster, wakabandika kipande kilichobaki kilichoandikwa Fender tu. Magitaa ya miezi ile, yasiyo na jina kwa sababu ya mkasi, leo yanauzwa kwa fedha ya nyumba. Kisha Don Randall, aliyesimamia mauzo, akatazama televisheni zilivyokuwa zikiingia majumbani, akaja na Telecaster. Bei ilikuwa dola 189.50.

Mwaka huo huo wa 1951 likatoka gitaa la besi, Precision Bass, na hapa ndipo Fender anapopewa nusu tu ya sifa zake. Kabla yake mpiga besi alibeba zeze kubwa kuliko yeye, halina freti, halisikiki, halipandi gari dogo. Fender akampa besi ya kuning'iniza begani, yenye freti, ili noti itoke pale pale ilipo. Ndiyo maana ya jina lile: Precision ni usahihi. Anayejua muziki wa dansi anajua besi inambeba nani. Magitaa ya solo yana watu wa kuyasifia, besi haina.

Stratocaster ya 1954 ilizaliwa na malalamiko. Wapiga gitaa, Bill Carson akiwa mmoja wao, walisema kingo za Telecaster zinawachoma mbavu. Fender akawasikiliza, na yeye na Freddie Tavares wakalichonga gitaa jipya mahali linapogusa mwili wa mtu: nyuma kwenye mbavu, mbele chini ya mkono. Pikapu zikawa tatu, swichi ya ngazi tatu. Wapigaji wakagundua kwamba swichi ikikwama katikati ya ngazi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja na kutoa sauti fulani ya puani, tamu ajabu. Wakawa wanaikwamisha makusudi, wengine kwa njiti ya kiberiti. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya ngazi tano 1977. Miaka 23 wateja walikuwa mbele ya kiwanda, na walikuwa mbele kwa sababu chombo kiliwaachia nafasi ya kukichokonoa.

Turudi kwa Gibson, maana haki itendeke. Walipoona ubao wa Fender unauzika, Ted McCarty, rais wa kampuni kule Kalamazoo, Michigan, hakuwa na sababu tena ya kucheka. Les Paul naye sasa alikuwa nyota, yeye na mkewe Mary Ford, nyimbo zao ziko juu ya chati. Gitaa la Gibson Les Paul likatoka 1952, kwa dola 210: mwili wa mkangazi wa Amerika, kifua cha maple kilichochongwa kwa mviringo kama cha fidla, shingo imegundishwa, rangi ya dhahabu. Ni gitaa zuri, na sibishi. Lakini uliza nani alilibuni. McCarty alisisitiza kwamba kwenye chombo chenyewe kitu cha Les Paul kilikuwa hasa kile kishikio cha nyuzi. Les Paul alisimulia vingine. Tuchukue basi kishikio, ambacho hakuna anayebisha kwamba ni chake. Shingo ilikuwa imelala mno, nyuzi ikabidi zipitishwe chini ya chuma badala ya juu, na mpigaji akawa hawezi kuzizima kwa kiganja cha mkono wa kulia. Haikufika miaka miwili kikaondolewa. Kwa hiyo kipande kilichokuwa cha mwenye jina ndicho kilichoshindwa kazi, na jina likabaki kichwani.

Aliyelipa gitaa hilo sauti yake tunayoijua ni Seth Lover, naye mtu wa redio, aliyefanya kazi ya elektroniki kwenye jeshi la majini. Lover alishughulikia mngurumo ule ule ulionipeleka Kariakoo, ule unaotoka kwenye nyaya za umeme na taa za ukumbini. Mwaka 1955 aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizowekwa kinyume. Mngurumo unaingia kote kuwili na kujifuta wenyewe. Sauti ya uzi, kwa sababu sumaku nazo zimegeuzwa, inajumlishwa. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, kwa waya. Mwaka 1967 Lover alihamia kwa Fender. Les Paul zenye pikapu zake na rangi ya jua la machweo zilitengenezwa 1958 hadi 1960, hazifiki elfu mbili, na zilidoda kiasi kwamba Gibson waliacha kabisa umbo lile. Wakaleta lingine jembamba lenye pembe mbili, ambalo Sister Rosetta Tharpe, mama wa nyimbo za injili, alilipiga jeupe, amevaa koti zuri, akimtikisa kila aliyemtazama. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton akarekodi na Les Paul la zamani 1966, vijana wakaanza kuyasaka, na 1968 Gibson wakalirudisha sokoni.

Lakini liangushe. Kichwa cha Les Paul kimeinama nyuma, mbao ni ya mkangazi, na pale pale shingo inapokuwa nyembamba zaidi wametoboa nafasi ya nondo ya kuinyooshea. Gitaa likianguka kifudifudi, kichwa kinakatika, na sasa unatafuta mtu wa gundi, vibano na subira. Telecaster ikianguka, unaiokota. Muddy Waters, mwanamuziki wa blues, aliipiga yake nyekundu miaka na miaka. Naambiwa hoja hii ni ya mtu asiye na pesa ya kununua Gibson. Ni kweli sina, na hoja iko pale pale.

Kuna majina mengine ambayo kambi zote mbili huyaruka. Wengi waliokaa kwenye mabenchi ya Fender walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wanawake wengi. Abigail Ybarra alianza kazi pale 1956, akawa anasokota koili za pikapu, akiuongoza kwa vidole vyake waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko kila moja. Kwa kuwa ni mkono, hakuna koili mbili zilizofanana, na wapigaji wanaapa kwamba za Abigail zina kitu chake. Tadeo Gomez alichonga shingo na kuandika herufi TG kwa penseli kwenye kitako, mahali pasipoonekana mpaka ufungue zile skrubu nne. Gitaa lililogundishwa lisingetuonyesha penseli ya mtu.

Kwetu gitaa la umeme lilikuja kuwa la watatu au wanne kwa pamoja, solo, ridhimu, besi, na swali la nani alilitengeneza halikuwa na nafasi, kwa sababu swali lilikuwa nani mwenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz jina linajieleza. Mpiga solo aliyetikisa mji mzima Jumamosi, Jumatatu akihama bendi, aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki, likapokewa na mwingine. Chombo kinachopita mikono namna hiyo, kwenye jasho na vumbi la safari za mikoani, kinahitaji kuwa cha kufungulika. Fundi mitambo wa bendi hakuhitaji kusomea Kalamazoo.

Fender mwenyewe aliuza kampuni Januari 1965 akidhani maradhi yatammaliza. Shirika la utangazaji la CBS lilimlipa dola milioni 13. Akapona, akarudi kazini chini ya majina mengine, na alikuwa benchini mpaka karibu na siku aliyofariki, Machi 1991. Alisema magitaa yake ya mwisho ndiyo bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Soko halikumsikiliza, soko lilitaka ya 1954.

Na linayataka yakiwa bikira. Mnunuzi wa gitaa la miaka ile hufungua kibati, akamulika tochi, akatazama matone ya risasi. Tone likionekana limewahi kuyeyushwa upya, bei inashuka. Gitaa lililobuniwa ili lifunguliwe, sasa linaadhibiwa kwa kufunguliwa. Hata hivyo Juni 2019, huko New York, Stratocaster nyeusi ya David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, iliuzwa mnadani kwa dola 3,975,000, na wakati ule hakuna gitaa lililokuwa limewahi kufika bei hiyo mnadani. Gilmour alikuwa ameibadilisha shingo mara kadhaa, pikapu, kishikio, swichi, akafikia hadi kuitoboa tundu la ziada na baadaye kuliziba.

La kwangu lina tone moja la risasi, kubwa kama punje ya mtama, halikukaa sawasawa. Juzi kinobu cha sauti kimeanza kukwaruza. Bisibisi ninayo.